Sala Iliyokwama

Pale Chaani, upande wa Changamwe, mtu akifiwa, akiachishwa kazi bandarini au akikawia kupata mtoto, waumini wa lile kanisa la mabati walimwambia neno moja: nenda kwa Kanze kwanza. Kanze alikuwa fundi cherehani, mjane, mzaliwa wa Kaloleni. Mchana kutwa alikuwa mtu wa maneno machache, lakini akianza kuomba sauti yake ilipanda hadi madereva wa malori ya mafuta waliokuwa wakingoja zamu barabarani wakapunguza redio zao. Watu walimwita Mama Maombi, na jina lilimkaa.

Hakuwa tapeli. Aliyekuja kwake alisimamishiwa cherehani, akafutiwa kiti, akasikilizwa mpaka amalize, kisha akashikwa mikono yote miwili. Wengi walitoka pale wamepona kitu, hata kama ni moyo tu. Kanze aliamini kila neno lililotoka kinywani mwake. Aliliamini mno, na baada ya miaka ya kushangiliwa akawa hawezi tena kutofautisha sauti ya Mungu na sauti yake mwenyewe.

Ng'ambo ya kichochoro alikaa Achieng, mama aliyetoka Siaya zamani kumfuata mume kiwandani. Mume alikufa, yeye akabaki. Alikuwa akikaanga viazi karai mbele ya nyumba, akisaidiwa na mtoto wake wa pekee, Linda, msichana aliyekuwa amemaliza shule juzijuzi. Linda alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alimeza vidonge asubuhi na jioni, na vidonge vilimsaidia sana, ila mara mojamoja ugonjwa ulipenya. Siku moja ulipenya akiwa anaimba na kwaya. Alianguka mbele ya kanisa zima, akajikojolea, na alipozinduka akakuta wenziwe wamemfunika leso na kugeuza nyuso.

Wiki ile ile akapiga hodi kwa Kanze.

"Mama, nimechoka," alisema. "Niombee kitoke kabisa. Sitaki kuanguka tena mbele za watu."

Kanze alimpenda binti huyo. Alifunga naye, akaomba naye kila alfajiri kabla ya karai kuwekwa motoni. Wiki zikapita bila Linda kuanguka, mwezi ukaisha, ukaingia mwingine. Muda wote huo Linda aliendelea kumeza vidonge vyake, lakini Kanze hilo hakulitia maanani. Aliona msichana amepona.

Jumapili ya ushuhuda ikafika. Kanze alimwita Linda mbele.

"Linda, umepona ama hujapona?"

"Nimepona, mama."

"Basi hicho kichupa ulichobeba mkobani ni cha nini?"

Watu wakacheka kwa furaha. Linda naye alicheka, kisha akaacha. Aligeuka kumtazama mama yake aliyeketi viti vya nyuma. Achieng alitikisa kichwa: hapana. Alikitikisa polepole, na Kanze alimwona. Alimwona wazi kabisa. Siku za mbele alijaribu mara nyingi kujidanganya kwamba hakumwona, akashindwa.

"Ukimwamini Mungu nusu na daktari nusu, utapona nusu," Kanze alisema, akanyoosha mkono. Linda hakukitoa. Ni Kanze aliyeutia mkono wake mkobani, akakitoa kile kichupa, akamshika msichana na kumwongoza hadi chooni nyuma ya kanisa, huku wanawake wakiwafuata kwa vigelegele. Vidonge vikamwagwa. Mchungaji Justus, mtu mpole aliyechelewa kusema jambo lolote, alisimama mlangoni akipiga makofi pamoja na wengine.

Nyumbani Achieng aligomba. Alitaka warudi kliniki kesho yake kuchukua dawa nyingine. Linda akakataa.

"Mama, unataka nimkane Mungu baada ya kusimama mbele ya kanisa zima?"

Haikupita muda mrefu. Asubuhi moja Kanze alikuwa anashona suruali ya shule, akasikia ukelele wa Achieng, ukelele wa Kijaluo usio na maneno. Alitoka mbio. Linda alikuwa chini, mwili ukimtetema. Karai lilikuwa limepinduka na mafuta yalikuwa yameshamwagikia mkono wake wa kulia, shingo na shavu. Viazi vilikuwa vimetapakaa mchangani.

Walimbeba wakamwingiza kwenye tuktuk. Kanze aliingia nao, akamshika miguu, akaanza kuomba kwa sauti.

"Nyamaza," Achieng alisema.

Kanze akaendelea.

"Mama Kanze, nakuomba. Nyamaza."

Akanyamaza. Njia nzima ikawa ni honi za malori na Linda akiguna.

Hospitalini daktari, kijana mwenye uso uliochoka, aliuliza mgonjwa ameacha dawa lini, na nani aliyemshauri. Alimgeukia Kanze akamtazama. Kanze akatazama sakafu. Daktari alingoja kidogo, akaandika alichoandika, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Kanze kuukwepa ukweli. Ya pili ilikuja baadaye, Linda akiwa bado wodini, pale wazee wa kanisa walipokutana katika chumba cha mchungaji ili wajue la kuwaambia watu. Achieng aliitwa. Kanze aliitwa. Wanawake waliopiga vigelegele walikuwa wamejipanga ukutani.

"Mama Kanze," Mchungaji Justus aliuliza, "wewe ndiye uliyemwambia Linda aache dawa?"

Jibu lilikuwa fupi, na kila mtu mle ndani alilijua. Lakini Kanze aliona mbele yake watu wote aliowahi kuwashika mikono. Aliona kwamba akisema ndiyo, kila ombi lake la nyuma litatiliwa shaka, na watu watalikufuru jina la Mungu. Alijiambia kwamba analilinda jina la Mungu. Alikuwa analilinda la kwake.

"Mimi nilimwombea," alisema. "Nilimwambia amtumaini Mungu. Kutupa dawa aliamua mwenyewe."

Achieng aliinuka. Hakupaza sauti.

"Niangalie mimi. Sema tena."

Kanze alimtazama katikati ya nyusi, mahali ambapo mtu anaweza kutazama bila kuyaona macho.

"Aliamua mwenyewe," alisema. "Na pengine imani yake ilikuwa haijakomaa."

Hakuna aliyempinga. Wale wanawake waliangalia miguu yao. Jumapili iliyofuata kanisa liliambiwa kwamba dada yetu Linda alipatwa na ajali, tumwombee apate nafuu na imani yake iimarike. Achieng alikuwa ameketi akisikiliza. Alichukua mkoba wake, akatoka, na kwa miezi mingi hakurudi.

Alfajiri ya kesho yake Kanze alipiga magoti kama kawaida yake, akafungua kinywa. Hakukuja neno. Hakukuwa na sauti ya kumshitaki wala mwangaza wa kumtisha. Palikuwa pamenyamaza tu, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Alikaa vile mpaka miguu ikafa ganzi. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Watu walikuja na shida zao, akawaambia anaumwa kichwa. Mwisho akamwachia Mchungaji ujumbe wa anakokwenda, akafunga mlango, akamlipa kijana wa mkokoteni ambebee cherehani hadi stendi, akavuka feri kwenda Likoni.

Huko Mtongwe aliishi Mwanatatu, mjane wa marehemu kaka yake Changawa. Mwanatatu alikuwa Mdigo, Mwislamu, mwanamke mnene wa vicheko, na alipomwona wifi yake mlangoni na cherehani hakumhoji.

"Karibu, wifi yangu. Nyumba ni yako tangu kaka yako yuko hai. Weka hapo barazani, kuna upepo."

Kanze akaanza kushona madera na kupunguza buibui za majirani. Hakumwambia mtu yeyote kwamba aliwahi kuitwa Mama Maombi. Kuna kanisa lilikuwa karibu na soko, akajaribu kwenda. Alikaa karibu na mlango na kuimba nyimbo kwa midomo tu, na saa ya Meza ya Bwana ilipofika akajifanya amepigiwa simu, akatoka, akatembea hadi nyumbani huku simu ameishika sikioni, asiongee na mtu.

Mwanatatu alikuwa mtu wa kuona mambo. Jioni moja, ametoka kuswali na kanga yake bado kichwani, aliketi karibu na cherehani.

"Wifi, mimi si wa dini yako, uniwie radhi. Lakini kaka yako aliniambia wewe ulikuwa huombi kwa kunong'ona. Alisema mtaa mzima unakusikia. Wallahi tangu uje sijakusikia hata mara moja."

Kanze alikata uzi kwa meno.

"Nimechoka, wifi."

"Mtu huchoka na kazi," Mwanatatu alisema. "Haya, mimi nitakutaja katika dua zangu mpaka upumzike." Akainuka kwenda kutazama samaki wake jikoni. Kanze alibaki pale na kitambaa mkononi, macho yamejaa machozi, asijue kwa nini.

Mvua za masika zilipita. Siku moja baada ya alasiri, Kanze akiwa ameinamia pindo la dera, akasikia hodi ya sauti aliyoijua. Aliinua kichwa. Msichana alikuwa amesimama chini ya ngazi za baraza, amejitanda leso hadi kwenye shavu. Alipoishusha, Kanze aliona kovu lililovuta ngozi kutoka sikioni hadi shingoni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshikana.

"Shikamoo, mama."

Kanze aliweka dera kando. Akajibu marahaba.

"Mchungaji ndiye aliyenielekeza," Linda alisema. "Nimekuja peke yangu. Usiogope, dawa nameza siku hizi. Naweza kukaa?"

Alikaa kwenye mkeka, mbali kidogo. Mwanatatu alichungulia mlangoni, akaziona nyuso zao, akaleta maji katika bilauri, akarudi ndani bila kusema neno.

"Linda, mwanangu," Kanze alianza, "yule shetani alinidanganya, akanitumia..."

"Usinitajie shetani, mama." Linda hakusema kwa hasira. "Nimekuja kutoka Chaani nizungumze na wewe. Yeye sijamwita."

Tuktuk ilipita ikatimua vumbi, likatua.

"Nataka nikuambie mambo kama yalivyo," Linda alisema. "Kule wodini walipokuwa wakinibandua bandeji, nilikuwa naomba. Nilikuwa naomba ufe. Kila siku. Uungue. Mama alinieleza ulilosema mbele ya wazee, nikamwomba Mungu akutoe ulimi. Kisha nikatoka hospitali, nikaona siwezi kuomba kitu kingine. Nikianza Baba Yetu, naenda vizuri mpaka pale pa kuwasamehe wanaotukosea, nakwama. Siwezi kupita, na siwezi kuruka. Miezi yote hii, mama. Usiku na mchana sala yangu inaishia pale pale." Alifuta pua kwa mkono mzima. "Nimechoka kukwama. Nimekuja ili nimalize."

Sasa Kanze alikuwa analia, bila sauti, mdomo wazi.

"Mimi ndiye," alisema. Maneno yalitoka moja moja, kama mtu anayetoa miiba mguuni. "Wewe hukukitoa kile kichupa. Mimi nilitia mkono mkobani mwako. Mama yako alitikisa kichwa na nikamwona. Nilimwona, Linda. Nikatupa. Kisha nikasema uongo, na ndani ya uongo huo nikaitia imani yako, ili ionekane wewe ndiye mwenye makosa. Sina la kujitetea. Sistahili hata wewe kunywa maji kwenye baraza ninayokaa."

"Najua, mama," Linda alisema. "Nilikuwepo."

Kisha Linda alijisogeza juu ya mkeka mpaka akafika karibu na kiti, akaushika mkono wa Kanze kwa ule wake uliokunjamana. Ulikuwa mkavu na mgumu, ngozi yake ikiteleza. Kanze alitaka kuuvuta wake; Linda akaukaza.

"Nisaidie, tuombe pamoja. Peke yangu sitaweza."

Wakaanza Baba Yetu. Kanze alifika sentensi ya pili, sauti ikakatika. Linda aliendelea. Alipofika mahali pake pa kukwama akasimama, akavuta pumzi ndefu, na Kanze alisikia vidole vile vilivyoshikana vikimbana kwa nguvu. Kisha Linda akalisema lile neno, lote, polepole, akapita. Akaisema na iliyobaki mpaka amina, kwa niaba ya wote wawili.

Kanze aliinamisha kichwa juu ya cherehani akalia kama mtoto. Linda hakumbembeleza. Alikaa tu, mkono hakuuachia.

Mwanatatu alileta chai na samaki wa kukaanga. Linda alikula kwa hamu ya mtu aliyetua mzigo. Alipomaliza akanawa, akasema jambo jingine.

"Kuna neno moja, mama, na hili si la kwangu. Dada Emmaculate ndiye anayeongoza maombi siku hizi. Mzee Nzai ana sukari, unamjua, yule mlinzi. Emmaculate amemwambia aache sindano. Mzee amekataa, lakini wanamshinikiza, na wanamtolea mfano wangu. Wanamwambia: Linda aliungua kwa sababu imani yake haikukomaa, wewe usiwe kama Linda." Alimtazama Kanze usoni. "Lile neno lako bado linafanya kazi. Mimi nimelisamehe, lakini halijafa."

Kanze aliweka kikombe chini.

"Nikisema ukweli watanifukuza."

"Huenda wakakufukuza," Linda alisema. "Sikuahidi kitu. Ila mimi nitakaa viti vya mbele, na mama nitamwomba aje."

Usiku ule Kanze hakuomba kwa sauti, wala hakupata ishara. Lakini alilala, na asubuhi alimwambia Mwanatatu kwamba Jumapili atavuka kwenda Changamwe.

"Inshallah," Mwanatatu alisema, akamtafutia leso safi.

Jumapili hiyo kanisa lilikuwa limejaa. Kanze alipoingia minong'ono ilipita kiti hadi kiti, na mama mmoja alimkumbatia akisema, "Mama Maombi amerudi!" Hilo lilimchoma kuliko kama angetukanwa. Linda alikuwa mbele. Kando yake aliketi Achieng, mkoba magotini, uso umeelekea ukutani. Kanze alimwomba Mchungaji Justus nafasi ya kusema. Alimwambia atakalosema. Mchungaji akaitikia kwa kichwa.

Kanze alisimama pale pale aliposimama siku ile.

"Wapendwa, mlifundishwa kwamba Linda alitupa dawa kwa hiari yake na kwamba imani yake ilikuwa changa. Ni uongo. Uongo huo niliusema mimi. Dawa nilimpokonya mimi, nikaitupa mimi, na mama yake alinikataza kwa kichwa nikamwona. Linda alikuwa na imani. Alimwamini Mungu na akaniamini mimi. Mungu hakumwangusha, niliyemwangusha ni mimi. Kisha nikaogopa kupoteza jina mlilonipa, nikamtwika yeye."

Hakuna aliyesema amina. Nje lori lilifunga breki, likanguruma, likapita. Emmaculate alikuwa ameweka mkono mdomoni. Kisha mke wa Mzee Nzai aliinuka katikati ya watu, mwanamke mdogo wa umbo, akauliza:

"Kwa hiyo sindano adunge?"

"Adunge, mama. Leo hii, msingoje kesho. Adunge, na akiwa anadunga tumwombee. Mungu hazionei wivu sindano."

Mama yule alikaa, akaushika mkono wa mumewe, akaanza kulia. Na ndipo minong'ono ikawa kelele. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema mambo kama haya hayasemwi madhabahuni, yanaletwa barazani kwa wazee. Mwingine alisema Kanze atengwe. Mwanamke mmoja kati ya wale waliojipanga ukutani siku ya kikao alitoka nje mbio, leso imemfunika uso.

Mchungaji Justus alisimama. Alichelewa kusema, kama kawaida yake, hata watu wakanyamaza kumngoja.

"Siku ile mimi nilikuwa mlangoni," alisema. "Nilipiga makofi. Na kule chumbani nilimuuliza Mama Kanze swali ambalo jibu lake nililijua, nikapokea jibu la uongo kwa sababu lilinipa nafuu. Mama Achieng, Linda, nimewakosea. Atakayemtenga Kanze aanze na mimi."

Akakaa. Hakuna aliyeendelea na habari ya kutenga.

Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Kanze alipoona kitambaa cheupe kinafunuliwa aliokota mkoba wake ili atoke, kama alivyozoea kule Likoni. Lakini Linda alikuwa amejisogeza, ameacha nafasi kitini, na alimvuta upindo wa gauni akamketisha. Kwa hiyo walikaa hivi: Achieng, Linda, kisha Kanze mwishoni, karibu na ujia.

Katika kanisa lile sinia la mkate halikuzungushwa na wazee hadi kwa kila mtu. Lilipitishwa kitini, jirani akimpa jirani. Sinia lilitokea upande wa ukutani, likafika kwa Achieng. Achieng alichukua kipande chake. Kisha, badala ya kumpa Linda, akabaki amelishika. Linda aliunyoosha mkono wake mzima kulipokea, Achieng hakulitoa. Mikono yake, ile mikono iliyobabuka kwa mafuta ya miaka mingi, ilikuwa imeukaza ukingo wake. Watu wa nyuma walikuwa wanangoja. Kanze alitazama magoti yake. Alisema moyoni: ana haki. Liishie kwake, ana haki.

Achieng akainuka. Kanze alidhani anatoka, kama alivyotoka siku ile. Lakini alimpita Linda, akasimama mbele ya Kanze na lile sinia.

"Chukua," alisema.

Kanze hakuweza kuinua mkono.

"Chukua," Achieng alirudia, kwa sauti ya chini, kali. "Mimi siwezi kukusemesha mengi. Hiki si changu. Kama kingekuwa changu nisingekupa. Chukua, watu wanangoja."

Kanze alichukua kipande. Kilikuwa kidogo, kikavu, kimekatwa vibaya. Alikitia mdomoni akiwa analia, na Achieng akampa sinia Linda, akarudi kuketi, akatazama tena ukuta.

Ibada ilipokwisha watu walitawanyika kwa haraka kuliko desturi. Wachache walimpa Kanze mkono, wengi walimpita. Emmaculate alikuja, akasimama mbele yake. Kanze akamwambia, "Njoo Likoni siku moja, mwanangu, tuzungumze," naye akaitikia kwa kichwa akaondoka. Mzee Nzai na mkewe walikuwa wameshaelekea barabarani kutafuta tuktuk ya kwenda kliniki.

Achieng alikuwa anangoja kivulini, pembeni ya ukuta wa mabati.

"Nikuambie ukweli," alisema Kanze alipofika. "Usifikiri imekwisha. Mimi sijakusamehe. Linda ni Linda, moyo wake sijui ameutoa wapi. Mimi kila asubuhi namfunga nywele mtoto wangu kwa sababu vidole vyake haviwezi. Nikimfunga nakukumbuka."

"Ni haki yako, Mama Linda."

"Sikusema kama ni haki. Nasema ndivyo ilivyo." Achieng alirekebisha mkoba begani. Alionekana kama anataka kuondoka na hakuondoka. "Lakini leo ulisema mbele yao wote. Nilikuwa nimekaa nangoja uzungukezunguke. Hukuzunguka." Akatazama upande wa barabara kuu, malori yamepangana mpaka macho yanapoishia. "Feri yako ni saa ngapi?"

"Feri zipo mchana kutwa."

"Basi chakula kipo nyumbani. Ni dagaa tu. Usinisemeshe njiani."

Akatangulia. Linda alimfuata mama yake, akageuka nyuma mara moja kuhakikisha. Kanze alijifunga leso vizuri, akawafuata kwa mbali kidogo, akipita kando ya nyumba za watu waliomjua. Wengine walimwita kwa jina lile la zamani. Hakuliitikia. Midomo yake ilikuwa ikicheza taratibu, bila sauti. Ilikuwa imeanza kuomba na yeye mwenyewe hajatambua.